AFYA YA NYUMBANI: Zinki na Mafigo ya Mwenye Kisukari

Wakazi wa Busia na Tororo huishi na zinki kila siku, ingawa wengi wao hawalijui jina lake. Mabati yaliyoezeka nyumba za kambini, ndoo za kuchotea maji na seng'enge izungukayo maboma ni chuma kilichopakwa zinki ili kisishikwe na kutu. Zinki hiyo hiyo imo pia ndani ya mwili wa binadamu, kwa kiasi kidogo mno, takriban gramu 2 tu kwa mtu mzima. Na mwili ukiikosa hudhoofika.

Vidonge vya zinki huuzwa katika maduka ya dawa pande zote mbili za mpaka, na si vigumu kumkuta mwananchi anayeamini kwamba vidonge hivyo huponya mafigo yaliyoharibiwa na kisukari. Imani hiyo ina chembe ya kweli ndani yake, na hapo ndipo penye hatari. Uongo mtupu hutambulika upesi. Lakini uongo uliofungamana na kweli humfanya mtu mwenye akili timamu aache dawa aliyopewa na daktari, akimbilie kidonge kisichoweza kuichukua nafasi yake. Kwa hiyo yafaa jambo hili lichambuliwe, ili kila nyumba ijue kipi kimethibitika na kipi bado.

Suala hili lawahusu askari na jamaa zao kwa namna ya pekee. Kijana aliyepo katika kikosi hutembea, hukimbia na hubeba mizigo. Chakula anachokula huteketea kwa kazi. Apandapo cheo akakaa mezani, au astaafupo akarudi nyumbani, miguu hupumzika lakini sahani ya ugali hubaki na kipimo kile kile cha ujana. Tumbo hukua, shinikizo la damu hupanda, na kisukari cha ukubwani hubisha hodi. Uchunguzi uliofanywa Uganda nzima mwaka 2014 ulionyesha kwamba watu wazima wenye kisukari walikuwa asilimia 1.4, na takriban nusu yao hawakuwa wakijijua. Asilimia hiyo yaweza kuonekana ndogo, lakini maradhi yasiyojulikana ndiyo yapatayo nafasi ya kuharibu mafigo kwa miaka mingi bila kelele.

KAZI YA MAFIGO

Kila figo ina vichungi vidogo vipatavyo milioni moja. Kwa siku moja mafigo mawili huchuja takriban lita 180 za majimaji kutoka katika damu, kisha huyarudisha karibu yote mwilini na kutoa lita moja au mbili tu kuwa mkojo. Vichungi vilivyo vizima huachilia uchafu upite, lakini huzuia vitu vyenye thamani, hasa protini iitwayo albumini, visipotee.

Sukari inapozidi katika damu kwa miaka mingi, hasa ikiandamana na shinikizo la damu, kuta za vichungi hivyo huharibika. Albumini huanza kupenya. Mwanzoni huvuja kidogo sana, wala mgonjwa haoni dalili yoyote: hana maumivu, hana uvimbe, na mkojo wake ni kama wa siku zote. Miaka inavyopita uvujaji huongezeka, mkojo hufanya povu, miguu huvimba, na hatimaye mafigo hushindwa kazi. Wataalamu hukadiria kwamba katika kila watu 10 wenye kisukari, watatu au wanne hupatwa na maradhi ya mafigo.

Mafigo yakishindwa kabisa, mgonjwa hana budi kusafishwa damu kwa mashine, kwa kawaida mara mbili au tatu kwa wiki, na kila mara kwa muda wa saa nne hivi. Kwa upande wa Uganda, hospitali kubwa ya umma inayojulikana kwa kazi hiyo ni ya Kiruddu, mjini Kampala, safari ya kilometa 200 hivi kutoka Busia. Upande wa Kenya, serikali ilianza mwaka 2015 mpango wa kupeleka mashine za namna hiyo katika hospitali za kaunti. Hata hivyo, popote mashine ilipo, nauli, muda na nguvu za familia huliwa na ugonjwa huo mwaka baada ya mwaka. Mshahara wa askari mmoja, au malipo yake ya uzeeni, hauwezi kubeba mzigo huo kwa urahisi. Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Na kwa mafigo ukuta wenyewe haujengeki upya.

UHUSIANO WA ZINKI NA KISUKARI

Chembe ya kweli iliyotajwa hapo juu yatoka katika kongosho, kiungo kilichojificha nyuma ya tumbo. Humo ndimo itengenezwamo insulini, ambayo ndiyo iongozayo sukari kutoka katika damu na kuingia katika misuli. Kongosho haiiachi insulini itapakae ovyo. Huihifadhi kama mtunza ghala ahifadhivyo risasi. Molekuli sita za insulini hushikana pamoja kuzizunguka chembe mbili za zinki, zikawa furushi moja. Mtu alapo, furushi hufunguka na insulini huingia katika damu. Pasipo zinki, ghala hilo haliwezi kupangwa sawasawa.

Ujuzi huo ulipatikana hatua kwa hatua. Insulini iligunduliwa mjini Toronto, nchini Kanada, mwaka 1921. Mwaka 1934 mtaalamu wa mji huo huo, D. A. Scott, alionyesha kwamba fuwele za insulini zina zinki ndani yake. Mwaka 1936 Hans Christian Hagedorn wa Denmark alitangaza insulini iliyochanganywa na protamini ili idumu zaidi mwilini, na wataalamu wa Toronto wakaongeza zinki ili dawa hiyo itulie na kukawia zaidi. Mwaka 1969 Dorothy Hodgkin na wenzake huko Uingereza waliufichua mpango wenyewe wa molekuli sita na chembe mbili za zinki.

Hadi leo insulini yenye ukungu, ile ifanyayo kazi kwa saa nyingi, ina zinki kidogo ndani yake. Kwa hiyo mgonjwa ajidungaye insulini hiyo huzungusha chupa taratibu baina ya viganja vyake kabla ya kuvuta dawa. Huitikisi kwa nguvu, wala huitumii ikiwa imeganda madonge. Chupa isiyofunguliwa huhifadhiwa katika ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, bila kugandishwa. Iliyokwisha kufunguliwa hudumu kwa muda wa wiki nne hivi ikiwa haikupatwa na joto kali. Nyumba isiyo na jokofu yaweza kuiweka chupa ndani ya mfuko usiopenya maji, katika chungu cha udongo kilichozungukwa na mchanga uliolowa, kivulini. Si juu ya kabati lililo chini ya bati lichomwalo na jua la Tororo.

ZINKI HUPOTEAJE?

Mwenye kisukari kisichotawaliwa hukojoa mara kwa mara, na pamoja na sukari hupoteza zinki zaidi kuliko mtu mzima wa afya. Hasara hiyo huanza mapema, hata kabla mafigo hayajachakaa. Vichungi vikianza kuvuja, hasara ya pili huongezeka juu ya ile ya kwanza: sehemu kubwa ya zinki iliyomo katika damu hubebwa na albumini, na albumini ipoteapo katika mkojo huondoka na mzigo wake. Hata baadhi ya dawa za shinikizo la damu, zile ziongezazo mkojo, huongeza upotevu wa zinki. Hilo si sababu ya kuziacha, kwani faida yake ni kubwa kuliko hasara hiyo.

Upungufu wa zinki nao si jambo dogo. Zinki ni sehemu ya kimeng'enya kimojawapo kizimacho moto wa sumu zizalishwazo na sukari nyingi ndani ya chembe za mwili. Kadhalika husaidia vidonda kupona na kinga ya mwili kusimama imara. Katika wanyama wa maabara wenye kisukari, wale walionyimwa zinki waliharibika mafigo zaidi, na wale waliopewa zinki ya kutosha walikingwa kwa kiasi fulani.

Lakini je, yaliyoonekana kwa panya ni sawa na ya binadamu? Uchunguzi mwingi umewakuta wagonjwa wa mafigo wenye kisukari wakiwa na zinki ndogo katika damu. Hata hivyo hapo pana swali linalohitaji busara. Mtu akiikuta nyumba imejaa maji, na bati limetoboka, hawezi kusema kwamba maji ndiyo yaliyolitoboa bati. Vivyo hivyo, zinki ndogo yaweza kuwa matokeo ya figo kuvuja, wala si chanzo chake. Majaribio machache ya kuwapa wagonjwa vidonge vya zinki yalionyesha sukari kushuka kidogo, na katika baadhi yake albumini ya mkojo ilipungua. Majaribio hayo yalikuwa na watu wachache na ya muda mfupi. Hakuna lililothibitisha kwamba zinki humwepusha mgonjwa na mashine ya kusafisha damu. Hiyo ndiyo kweli yote, bila kuongeza wala kupunguza.

CHAKULA CHA BUSIA NA TORORO

Kwa mtu ambaye mafigo yake bado yana nguvu, njia salama ya kupata zinki ni chakula. Mwanamume huhitaji takriban miligramu 11 kwa siku, na mwanamke miligramu 8. Mama mjamzito na anyonyeshaye huhitaji zaidi. Gramu 100 za nyama ya ng'ombe iliyopikwa hutoa takriban miligramu 5, kiasi kile kile cha karanga hutoa 3 hivi, na ufuta hukaribia 7. Dagaa, waitwao mukene upande wa Uganda na omena upande wa Kenya, wauzwao kwa wingi kutoka fukwe za ziwa kama Majanji na Sio Port, nao wana zinki nzuri, kwa kuwa huliwa wazima. Muhogo, ambao ndio nguzo ya sahani nyingi za Samia na Teso, hautoi hata nusu miligramu. Nyumba ilayo ugali wa muhogo asubuhi na jioni, na mboga za majani pekee, imeshiba tumbo lakini ina njaa ya zinki.

Nafaka na kunde zina zinki, ila imefungwa na kitu kiitwacho faiteti, kiizuiacho isiingie mwilini. Hapa akina mama wa sehemu hizo wana elimu ya kale yenye thamani. Wimbi ukilowekwa na kuchachushwa kabla ya kupikwa uji, faiteti hupungua na zinki huachiliwa. Maharagwe yakilowekwa usiku kucha, na maji yake yakamwagwa, hupata faida hiyo hiyo. Kuotesha nafaka kuwa kimea, kama wafanyavyo Wateso katika kutengeneza ajono, nako hupunguza faiteti. Lakini mwenye kisukari asidanganyike, kwani kimea hugeuza wanga kuwa sukari, na pombe humletea matatizo mengine. Kwake yeye uji wa wimbi uliochachushwa, usiotiwa sukari na wa kipimo kidogo, ndio ufaao.

Aidha, sheria ya Kenya tangu mwaka 2012 yataka unga wa mahindi na wa ngano uuzwao katika paketi utiwe madini na vitamini, zinki ikiwamo. Uganda nayo iliweka kanuni zake mwaka 2011 kwa viwanda vikubwa. Unga usagwao katika mashine za mtaani hauna nyongeza hiyo. Mwaka 2016 shirika la utafiti wa kilimo la Uganda, NARO, lilitoa aina mpya za maharagwe zenye chuma na zinki nyingi, ambazo mkulima aweza kuziulizia kwa bwana shamba wa wilaya yake.

Liko pia jambo la udongo. Baadhi ya wanawake, hasa wajawazito, hula mawe laini ya udongo yauzwayo sokoni. Udongo huo huweza kuyashika madini tumboni na kuyatoa nje pamoja na choo. Watabibu waliochunguza upungufu wa zinki kwa binadamu huko Iran, walioutangaza mwaka 1961, waliwakuta vijana waliodumaa ambao miongoni mwa mazoea yao lilikuwa ni kula udongo. Mama apatwaye na hamu hiyo asitukanwe wala kuchekwa; apelekwe kliniki apimwe damu.

Hata hivyo, mgonjwa ambaye mafigo yake yamekwisha kudhoofika sana asiige sahani ya jirani. Dagaa waliwao na mifupa yao wana fosforasi nyingi, na maharagwe na ndizi zina potasiamu nyingi. Mafigo dhaifu hushindwa kuzitoa, na potasiamu ikizidi yaweza kuusimamisha moyo. Mtu wa namna hiyo hupangiwa chakula na daktari wake, kwa kufuata majibu ya damu.

HATARI YA KUZIDISHA

Kidonge cha zinki kitolewacho bure kwa watoto wanaoharisha kina miligramu 20, na hutolewa kwa siku 10 hadi 14 tu. Kwa mtoto huyo ni dawa njema iokoayo maisha, wala mzazi asisite kuitumia. Lakini mtu mzima hashauriwi kupita miligramu 40 kwa siku, chakula kikihesabiwa humo. Amezaye vidonge vitatu vya mtoto kila siku amevuka mpaka huo, na ameingia sehemu isiyo na ulinzi.

Zinki ikizidi huizuia shaba isiingie mwilini. Shaba ikikosekana kwa miezi mingi, damu hupungua, na neva za miguu hudhoofika hata mtu hutembea kama aliyelewa. Uzito wa jambo hili ni kwamba kisukari chenyewe hufisha ganzi miguu, na maradhi ya mafigo yenyewe hupunguza damu. Daktari asiyeambiwa habari ya vidonge atadhani maradhi yamezidi, kumbe ni kidonge. Zaidi ya hayo, zinki huzuia nguvu za baadhi ya dawa za viini, kama vile tetrasaiklini na siprofloksasini, zikimezwa pamoja. Kwa hiyo kila kidonge kinunuliwacho, kiwe cha duka la Malaba au cha rafiki, hutajwa mbele ya mganga bila haya.

YALIYOTHIBITIKA

Yako mambo ambayo faida yake kwa mafigo imethibitika kwa majaribio makubwa yaliyofuata maelfu ya watu kwa miaka. La kwanza ni kuitawala sukari. Majaribio ya Marekani yaliyotangazwa mwaka 1993, na ya Uingereza ya mwaka 1998, yalionyesha kwamba sukari ikishikwa vizuri, madhara ya mafigo na macho hupungua. La pili ni kulishusha shinikizo la damu. Wengi wa wagonjwa hao hushauriwa wakae chini ya 130 kwa 80. Kwa yule ambaye albumini imeanza kuvuja, dawa za jamii ya enalaprili au losatani huilinda figo kuliko nyingine. La tatu ni dawa mpya zaidi, kama vile dapagliflozini, zitoazo sukari kwa njia ya mkojo. Majaribio ya tangu mwaka 2019 yameonyesha kwamba jamii hiyo huchelewesha kushindwa kwa mafigo.

La nne ni kuyaepuka yaumizayo. Askari wengi, baada ya gwaride au safari ndefu, humeza diklofenaki au ibuprofeni kwa maumivu ya goti na mgongo. Kwa mwenye kisukari na mafigo dhaifu, vidonge hivyo vikizoewa huwa sumu ya polepole. Sigara nayo huharakisha uharibifu, na chumvi nyingi hupandisha shinikizo.

La tano, nalo ni rahisi kuliko yote, ni kupima. Mwenye kisukari cha ukubwani apimwe mkojo kwa ajili ya albumini, na damu kwa ajili ya kazi ya mafigo, tangu siku aambiwapo ana kisukari, kisha kila mwaka. Kipimo cha kawaida cha karatasi huonyesha albumini ikiwa imekwisha kuwa nyingi. Kwa hiyo mgonjwa na aulize kama kituo chake kina kipimo cha albumini ndogo, na kama hakipo, aombe rufaa. Mwenye kuvuka mpaka kutibiwa, leo Busia ya Uganda na kesho Busia ya Kenya, na achukue kitabu chake cha matibabu na majina ya dawa zake zote. Mganga wa upande wa pili hawezi kusoma yaliyoandikwa katika kitabu kilichobaki nyumbani.

Mke wa askari, ambaye mara nyingi ndiye mtunza ghala wa nyumba, ana nafasi kubwa katika ulinzi huu. Yeye ndiye apimaye unga, alowekaye maharagwe usiku, na aonaye miguu ya mumewe ilivyovimba kabla mwenyewe hajakiri. Mume naye asione ni aibu kupimwa akiwa bado na nguvu za kubeba bunduki, wala asichukue fedha za dawa yake akanunulie kidonge kinachosifiwa kwa maneno tu. Zinki na ibaki katika sahani kwa kipimo chake, katika insulini kwa kazi yake, na katika bati juu ya paa. Mafigo yalindwe kwa sukari iliyotawaliwa, shinikizo lililoshuka na mkojo uliopimwa kila mwaka.